Mlima unanishinda: nibadilishe spoketi au nihangaike na grisi?

Mguu_Mzito: Baiskeli yangu ni ya gia moja, spoketi (gurudumu la meno linaloshika mnyororo) ya mbele meno 44, ya nyuma 16. Tambarare haina neno, ila mlimani nasimama juu ya pedeli na bado naishia kushuka nisukume. Mmoja kanishauri nifunge nyuma spoketi ya meno 22, mwingine anasema nisafishe mnyororo na kujaza upepo tu. Kipi kina nafuu?

Gololi: Spoketi. 44 kwa 16 ni 2.75: pedeli zikizunguka mara moja, gurudumu lenye mzingo wa mita 2.1 linakusogeza karibu mita 5.8. Kwa 22 unasogea mita 4.2. Kila mkanyago unapungua uzito kwa zaidi ya robo.

Fundi_Mkongwe: Mkanyago unapungua, kazi haipungui. Ni gunia lile lile, umeligawa tu ulibebe kwa safari nyingi. Msuguano ndio mwizi: nguvu iliyopotelea kwenye gololi kavu haikupandishi hata hatua moja.

Gololi: Sawa fundi, ila tumpime huyo mwizi. Mtu na baiskeli kilo 80, njia inapanda mita 5 kila mita 100: mlima unakuvuta nyuma kama uzito wa kilo 4. Tairi zilizojaa vizuri zinadai kama nusu kilo. Mnyororo msafi wenye oili unakula asilimia chache tu.

Fundi_Mkongwe: "Zilizojaa vizuri", "msafi". Umeona ya kwake?

Kisigino: Mimi nimetumia 22. Mlimani raha, tambarare miguu inazunguka kama feni na watu wanakupita. Ukinyonga mizunguko 60 kwa dakika, 16 inakupa karibu kilomita 21 kwa saa, 22 inakupa 15. Ningefunga 20. Na mnyororo wa sasa huenda usifike, andaa pingili za kuongeza.

Fundi_Mkongwe: Kabla ya kununua chochote, inua gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono.

Mguu_Mzito: Aisee. Limezunguka mara mbili likasimama! Raba ya breki inasugua rimu upande mmoja. Nimeirekebisha, nimejaza upepo, nikarudi mlimani: nimefika mbali kuliko jana, ila pale panaposimama kabisa bado nimeshuka. 20 naifunga.

Fundi_Mkongwe: Funga. Sasa utakuwa unapambana na mlima, si na breki.

Kisigino: Pingili usisahau.