Naomba ushauri: dereva wa misaada akisindikizwa na wanajeshi, bado ni raia?

Habari zenu wakuu. Niko Uyole, Mbeya. Mdogo wangu, dereva wa malori njia ya Tunduma, amepata mkataba wa kubeba chakula cha msaada huko Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo (DRC), kwenye vita. Mama hataki hata kusikia.

Nimesomasoma. Kifungu cha 3 cha Mikataba ya Geneva ya 1949 kinamlinda asiyeshiriki mapigano, hata vita vikiwa vya ndani ya nchi. Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), nao unasema kumshambulia makusudi mtoa misaada ni uhalifu wa kivita, ilimradi anastahili ulinzi wa raia. Sharti hilo ndilo linaninyima usingizi, maana mkataba wa kazi wa mdogo wangu una mstari unaosema gari "linaweza kusindikizwa na askari". Wakili mmoja hapa mjini kaniambia sheria ipo, ila risasi haijui kusoma. Sawa, lakini hajanijibu.

Je, akisindikizwa na wanajeshi anabaki raia kisheria, au lori linageuka shabaha halali? Na kabla hajasaini, adai nini kiandikwe, zaidi ya bima na haki ya kukataa safari? Anatakiwa kujibu Jumatatu.