Madawati yamebaki wazi Gredi ya 7: nimhamishe binti yangu?

Mama wa Mtongwe
Assalaam aleikum, wazazi na walimu. Binti yangu amemaliza Gredi ya 6 katika shule ya serikali hapa Mtongwe, Mombasa, na anatakiwa kuingia Sekondari Msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9) katika shule hiyo hiyo. Wenzake wengi wamehamishwa, wengine kwenda kisiwani na wengine shule za kibinafsi, hata darasa lililokuwa likifurika sasa lina madawati matupu. Majirani wanadai kwamba matokeo ya Gredi ya 9 yalikuwa duni. Je, uchache wa watoto ni dalili ya shule mbovu, au ndio unaoiharibu shule?

Mwalimu wa Gredi ya 8
Waaleikum salaam, mama. Mimi naona ni hilo la pili. Tangu Sekondari Msingi ianze mwaka 2023 ndani ya shule za msingi, serikali hutenga shilingi 15,043 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na fedha hizo hufuata vichwa vya watoto. Watoto 20 wakiondoka, shule hukosa zaidi ya shilingi 300,000, ilhali masomo hubaki 9 yale yale na somo la sayansi huhitaji vifaa vile vile. Isitoshe, shule yenye mkondo mmoja, yaani darasa moja tu kwa kila gredi, hupata walimu wachache wa kugawana masomo yote. Mimi nilisomea Kiswahili na Dini, lakini muhula uliopita nilifundisha Kilimo pia, na sioni haya kukiri kwamba siku nyingine nilikuwa nimewatangulia wanafunzi kwa kurasa mbili tu.

Baba wa Jomvu
Mwalimu, hayo ni kweli, lakini mzazi hawezi kumtoa mwanawe kafara ili shule ipate mgao. Hata hivyo, dada, usiende kwa pupa. Mimi nilimhamishia wangu shule ya kibinafsi, nikalipa karo, kisha nikagundua kwamba kijana mmoja anafundisha masomo manne na kwamba maabara niliyoonyeshwa ni kabati. Nilimrudisha.

Mjumbe wa halmashauri ya shule, Likoni
Ndugu zangu, hayo matokeo nayo yasomwe vizuri. Alama za kumpeleka mtoto sekondari ya juu hazitokani na mtihani mmoja: KJSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 9, ina asilimia 60, KPSEA, ile ya Gredi ya 6, asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20 iliyobaki. Kwa hiyo mtoto anayehamishwa katikati hubeba alama alizopewa na walimu wawili tofauti. Pia wanaoondoka mara nyingi ni wale ambao wazazi wao wana uwezo wa kuwalipia masomo ya ziada. Wakishatoka, wastani wa shule hushuka hata kama walimu hawakubadilika. Mama, omba matokeo ya somo moja moja, uulize nani anafundisha Hisabati na Sayansi Jumuishi na alisomea nini. Kuhusu kisiwani, feri ni bure kwa waendao kwa miguu, lakini matatu za kutoka Mtongwe si bure, na msongamano wa asubuhi Likoni unaujua.

Mama wa Mtongwe
Ahsanteni. Jumatatu nitakwenda kumwona mwalimu mkuu, na nimewaomba wazazi wawili ambao bado hawajaamua tufuatane. Kuhusu Hisabati nimeshapata jibu kwa binti yangu mwenyewe: mwalimu yupo, na anapendwa. Sayansi ndiyo nitakayoiulizia kwanza.