Nimekwapuliwa simu Buzuruga jioni hii, kuna hela za kikoba ndani, nianzie wapi??

BintiWaIgoma
Wadau habari za jioni, naandika kwa simu ya mdogo wangu mnisamehe nikiruka ruka. Nimetoka town hapa Mwanza saa kumi na mbili kasoro, nimepanda daladala ya Igoma nimekaa dirishani, dirisha wazi maana joto, simu ilikuwa inaisha chaji nikaichomeka kwenye pawabenki huku najibu meseji. Pale Buzuruga gari imesimama kushusha, mkono umeingia dirishani ukatoka na simu, hata sura sijaiona, nimebaki na pawabenki mapajani na waya unaning'inia nje, taa ya blu bado inawaka kama hakuna kilichotokea. Konda eti "dada si ungeshika vizuri". Daah.

Ina laini mbili mitandao tofauti. Mimi ndo mweka hazina wa kikoba chetu, kwenye laini moja kuna laki sita na arobaini za watu nilikuwa nizipeleke benki kesho. Na kinachonitoa jasho kabisa, PIN niliisevu kwenye majina nikaipa jina Shangazi Pesa. Sasa nirudi Buzuruga nikawaulize vijana wa pale, niende polisi, au nianzie wapi jamani?

FundiMakoroboi
Dada acha kusoma, piga 100 sasa hivi. Na angalizo, 100 inakupeleka kwenye mtandao wa laini unayopigia, kwahiyo kama mdogo wako ana mtandao mmoja tafuta jirani mwenye ule mwingine. Watakuuliza majina kama yalivyo NIDA, ile namba ya NIDA yenye tarakimu 20, pengine na muamala wako wa mwisho. Waambie wafunge laini pamoja na akaunti ya hela. Hela haipotei, inakaa pale pale mpaka utakaporudisha laini.

Anza na laini yenye hela. Polisi baadaye, Buzuruga usirudi kabisa.

FundiMakoroboi
Naongezea wakati unapiga. Watu wanalilia simu wakati kibaka mawazo yake yako kwenye laini. Anaichomoa anaiweka kwenye kitochi chake, hapo loki yako hata ungechora ramani ya Afrika haina kazi. Na wewe umekwapuliwa simu ikiwa wazi, unaandika meseji, kwahiyo hana hata haja ya kuchomoa. Huyo Shangazi atamkuta, hawa watu kwenye majina wanatafuta Mpesa, Benki, Pesa, Siri, wanajua tabia zetu kuliko sisi wenyewe.

BabaDoto_Kirumba
Pole sana mwanangu. Mimi ilinikuta mwaloni hapa Kirumba, asubuhi nimeinama nakagua dagaa kwenye gunia, naziviringisha viganjani nione kama zina mchanga, nainuka mfuko mwepesi. Nikaona kijana anatembea haraka haraka nikapiga kelele mwiziii, kosa kubwa nililofanya maishani. Kufumba na kufumbua kijana yuko chini, mtu ana kipande cha ubao mkononi, kumpekua hana kitu, yule mtoto alikuwa anawahi boti ya watu. Ikabidi nigeuke mimi nimkumbatie nianze kumtetea, shati langu lilichanika siku hiyo na fundo moja la mgongoni ninalo mpaka leo.

Nusu saa imeisha hivyo. Kumbe mwizi wa kweli ameshamwandikia mama yangu Sengerema, "mama nimepata ajali tuma elfu themanini kwa namba hii usipige kioo kimepasuka". Bi mkubwa akapanda boda mpaka kwa wakala, akatuma na ya kutolea. Kwahiyo ukishafunga laini simu ya pili piga kwa mama, kabla hata ya mume.

Nyegezi_Kwetu
Hapo kwa Mzee Baba Doto nimenyamaza kimya. Mimi naongelea polisi maana naona watu huwa wanachanganya. Loss report ni ya kitu kilichopotea, kitambulisho kimedondoka na vitu kama hivyo, hiyo siku hizi inaombwa hata mtandaoni. Kuibiwa ni RB, yaani taarifa yako inaandikwa kwenye kitabu cha polisi, unaenda kituoni unaeleza, unapewa namba. Nenda na boksi la simu, ubavuni kuna IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, tarakimu 15, ni ile ile inayotokea ukibonyeza *#06#. Kama boksi ulishaweka vitunguu ingia akaunti yako ya Google sehemu ya kutafuta simu, ukiigusa simu yako inakuonyesha IMEI.

mzeewakazi88
RB ninazo tatu kabatini, simu hata moja haijarudi. Mnampotezea muda dada wa watu.

Nyegezi_Kwetu
Mkuu kurudi inaweza isirudi, sibishi. Ila ile laini imesajiliwa kwa kidole chako wewe. Siku mtu ametapeliwa kwa namba yako huko Bariadi wanaokuja kugongewa mlango ni nyie wenye jina, hapo utaitafuta hiyo RB kabatini yenye tarehe na saa.

BintiWaIgoma
Wabeja sana wote. Laini ya hela wameifunga dakika kama tano tu, yule dada amesoma salio lipo lote, nimekaa chini hapo hapo sakafuni. Ya pili nimesikilizishwa muziki mpaka nimeukariri ila imefungwa nayo. Mama nimeshampigia. Sasa mdogo wangu kaingia Google anaona simu iko hewani inaonekana mitaa ya Mabatini, anataka twende na washkaji zake wawili.

FundiMakoroboi
Hapana hapana. Kile kidoti kinakosea hata mita hamsini, na milimani kwetu nyumba zimepandana juu ya mawe, mita hamsini hapo kuna kaya ishirini, mtagonga mlango wa nani usiku huu? Piga picha hiyo skrini uende nayo kituoni. Wakati iko hewani ifunge kwa mbali, bonyeza ile ya kuiweka kama iliyopotea, na uandike namba ya mdogo wako itokee kwenye kioo.

Halafu jambo ambalo wengi hawalijui, kufunga laini hakufungi WhatsApp. Inaendelea kwa waifai kama kawaida. Mtumieni mwenyekiti wa kikoba meseji akutoe kwenye grupu haraka. Kesho ukirudisha laini ingia WhatsApp kwenye simu nyingine, yule anatupwa nje, kisha weka ile PIN ya tarakimu sita ya WhatsApp yenyewe, ya uthibitishaji wa hatua mbili.

capripoint_dogo
Wenye iPhone na nyie, mkiibiwa msije mkaifuta kwenye akaunti yenu hata mkibembelezwa. Mimi baada ya wiki ilikuja meseji ya Kiingereza safi "simu yako imepatikana bonyeza hapa", linki inafanana kabisa na ya Apple wenyewe, inataka paswedi. Ukiweka tu umewafungulia.

mzeewakazi88
Fundi na nyie mafundi si ndo mnawaflashia hizo simu lakini

FundiMakoroboi
Wapo, sikatai, wanatuharibia jina. Kubadilisha IMEI ni kosa kwenye sheria ya mawasiliano ya 2010 na kununua mali ya wizi nako ni kosa. Mimi kwangu simu isiyo na boksi wala maelezo sishiki, wananiita mlokole.

BintiWaIgoma
Mrejesho wa leo. RB nimechukua asubuhi, laini nimerudisha kwa namba ya NIDA na kidole, PIN mpya iko kichwani tu, Shangazi nimemzika. 640,000 ipo yote.

Ila mwenyekiti alichelewa kuona meseji yetu, jamaa akaingia kwenye grupu saa tatu usiku, "Hello wapendwa, michango ya wiki hii tumeni kwa namba hii mpya". Kumbukeni grupu letu wote Wasukuma, hakuna anayeandika kitu kabla ya salamu. Mwenyekiti akamsalimia Kisukuma, "mwadila mayu".

Jamaa akajibu "poa".