Tupeane uzoefu: Benki inapopoteza hundi uliyokwisha kuiweka

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo halimpati mtu mara kwa mara, lakini likimpata humvurugia mipango yote: hundi uliyoipeleka benki, ukajaza fomu, ukapewa risiti yenye muhuri, kisha ikapotelea mikononi mwa benki kabla fedha hazijawa zako kweli. Sizungumzii hundi iliyorudi kwa sababu mtoaji hana salio, wala iliyoibwa kabla hujaifikisha kaunta. Hizo zina njia zake. Nazungumzia ile ambayo wewe umeshatimiza wajibu wako, na aliyeipokea ndiye asiyejua ilipo.

Langu ni hili. Nililipwa kwa hundi kwa kazi niliyokuwa nimeimaliza, nikaiweka, na kiasi kile kikaonekana kwenye taarifa ya akaunti. Baadaye kiliondolewa, na mahali pa maelezo paliandikwa "marekebisho" bila neno jingine. Nilipouliza tawini niliambiwa kwa upole kwamba hundi haionekani, na kwamba kilichobaki ni mimi kumwomba aliyenilipa aandike nyingine. Hilo ndilo jibu ambalo wengi wetu hupewa, na kwa maoni yangu ni nusu ya jibu. Aliyenilipa aliuliza swali ambalo mtu yeyote makini angeliuliza: akiandika ya pili na ya kwanza ikaja kuonekana na kulipwa, ni nani atakayemrudishia fedha zake? Nilikuwa na risiti mkononi, lakini risiti huthibitisha kwamba hundi iliwekwa. Haithibitishi kwamba imepotea.

Kilichofungua njia ni barua. Nilimwandikia meneja wa tawi nikamwomba benki iseme kwa maandishi kwamba hundi yenye namba fulani, ya tarehe fulani na kiasi fulani, iliyotolewa kwenye benki fulani, ilipokelewa na tawi lake siku fulani, kwamba imepotea ikiwa mikononi mwa benki wala si mikononi mwangu, na kwamba benki itabeba ada ya kusimamisha malipo ya hundi hiyo. Haikutoka haraka, lakini ilipotoka aliyenilipa hakusitasita tena: alitoa amri ya kusimamisha ile ya kwanza, akaandika ya pili, na ada aliyotozwa na benki yake ikarejeshwa na benki yangu. Naomba kila mwenye lake aliseme, na hasa aseme gharama zilimwangukia nani, maana hapo ndipo wateja wengi huonewa.

Mchangiaji aliyewahi kufanya kazi benki

Ahsante kwa kuanzisha mada hii. Nilikaa miaka mingi upande wa pili wa kaunta, kwa hiyo nitaeleza mahali hundi zinapopotelea, kwa sababu anayejua njia iliyopitia anajua pia aulize nini.

Zamani hundi yenyewe ilisafiri. Ilitoka kaunta ikafungwa kwenye bunda pamoja na fomu zake, bunda likaenda kituo cha kuchakatia, kisha ikapelekwa benki ya mtoaji ili ikubaliwe au irudishwe. Hundi nyingi zinazoitwa "zimepotea" zilikuwa zimenasa nyuma ya hundi nyingine, au zimebaki ndani ya bahasha iliyodhaniwa kuwa tupu, au zimefungwa kwenye bunda la siku nyingine. Leo katika nchi nyingi husafirishwa picha badala ya karatasi. Marekani ilijifunza hilo kwa uchungu Septemba 2001, ndege zilipozuiwa kuruka na hundi nyingi za karatasi zikakwama bila kufika zilikotakiwa. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 28 Oktoba 2004 iliruhusu nakala iliyochapwa kutokana na picha iwe na nguvu sawa na hundi ya asili. Uingereza nayo ilianza kubadilishana picha za hundi mwishoni mwa Oktoba 2017.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza meneja ni hili: je, hundi yangu ilikwisha kupigwa picha kabla ya kupotea? Kama ilipigwa, upotevu wa karatasi usiwe sababu ya kukurudisha kwa aliyekulipa, kwa kuwa picha inatosha kudai malipo pale ambapo sheria inaruhusu.

Swali la pili ni la kumuuliza mtoaji, na linapaswa kuulizwa kabla ya yote: je, fedha zimekwisha kutoka katika akaunti yake? Nimeshuhudia mteja akiambiwa hundi imepotea ilhali ilikwisha kulipwa, ila karani alikosea tarakimu moja ya namba ya akaunti na fedha zikaingia kwa mtu mwingine. Hapo hakuna hundi ya kuandikwa upya. Ni kosa la kuingiza hesabu, na benki inalirekebisha yenyewe baada ya mtoaji kuleta taarifa ya akaunti yake au picha ya hundi iliyolipwa, mbele na nyuma. Ukikurupuka ukamwomba mtoaji aandike nyingine kabla ya kuuliza hilo, utamlipisha mara mbili.

Mweka hazina wa kikundi

Kwetu haikupotea hundi moja, lilipotea bunda zima la michango ya wanachama. Fomu ilionyesha jumla tu, na benki ilikuwa na jumla hiyo hiyo, kwa hiyo upande wao hakuna aliyejua ni hundi za nani wala za benki zipi. Kilichotuokoa ni daftari ambalo kikundi chetu kimelitunza tangu kuanzishwa: kila hundi inayopokelewa huandikwa jina la mtoaji, benki na tawi, namba ya hundi, tarehe iliyo juu yake na kiasi, kabla ya kwenda kuwekwa. Bila daftari lile tungebaki kubishana juu ya jumla ambayo hakuna awezaye kuigawa.

Tulimwandikia kila mwanachama, tukaambatanisha barua ya benki kama aliyoieleza mwanzisha mada. Wengi waliandika upya bila neno. Wachache, tena wenye haki kabisa, walitaka ahadi ya maandishi kwamba hundi ya zamani ikilipwa watafidiwa. Hapo benki ilituletea fomu ikitaka kikundi ndicho kitie saini ahadi hiyo. Tulikataa, na ningependa kila anayesoma hapa aelewe kwa nini. Anayeahidi kufidia ndiye anayebeba hatari, na hatari hii ilizaliwa ndani ya jengo la benki. Sisi hatukuwa na njia yoyote ya kuizuia karatasi ile isitokee tena, wao walikuwa nayo.

Ahadi yenyewe si jambo geni. Sheria ya hati za malipo ya Uingereza ya mwaka 1882, ambayo nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza zilifuata mfano wake, inasema katika kifungu cha 69 kwamba aliyepotelewa na hati, hundi ikiwa mojawapo, kabla haijapitwa na wakati anaweza kumwomba mtoaji ampe nyingine yenye maneno yale yale, akimpa dhamana ya kumkinga na hasara endapo mtoaji ataihitaji. Na kifungu cha 70 kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru kwamba upotevu usiwe kisingizio cha kutolipa, ikiwa dhamana ya kuridhisha imetolewa. Sheria hiyo humtazama aliyeshika hati, lakini hakuna kinachoizuia benki kutoa dhamana hiyo kwa niaba ya mteja wake. Baada ya majadiliano marefu, benki ilitia saini.

Mchangiaji aliyekuwa mtoa hundi

Naomba niseme kwa upande wa mlipaji, kwa sababu mara nyingi tunaonekana wakaidi. Mtu akinipigia simu na kusema hundi yangu imepotea benki, sina namna ya kujua kama ni kweli. Hundi ile ina namba ya akaunti yangu na saini yangu, na sasa haijulikani iko mikononi mwa nani. Kwa hiyo nilifanya mambo kwa mpangilio, na mpangilio una maana: kwanza nilihakikisha haijalipwa, pili nikatoa amri ya maandishi ya kusimamisha malipo, nikasubiri benki yangu ithibitishe kwamba amri imeingia katika kumbukumbu zake, ndipo nikaandika ya pili. Anayeandika ya pili kwanza na kusimamisha baadaye ameacha mlango wazi.

Jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii ni muda wa amri hiyo. Nchini Marekani, kwa mfano, amri ya maandishi ya kusimamisha malipo hudumu miezi 6, na inaweza kuhuishwa. Hundi ya kawaida nayo, ikipita miezi 6 tangu tarehe yake, huhesabiwa kuwa imezeeka, lakini sheria ya huko inasema benki *hailazimiki* kuilipa, haisemi kwamba *imekatazwa*. Ikiilipa kwa nia njema inaweza kuitoza akaunti yako. Muda wa hundi kuzeeka pia haufanani kila mahali, kwani India ni miezi 3 tangu Aprili 2012. Iulize benki yako amri yako inadumu kwa muda gani, uandike tarehe ya mwisho mahali utakapoiona.

Mchangiaji

Yangu ilikuwa hundi ya benki, yaani ile ambayo benki yenyewe ndiyo mtoaji. Nadhani ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu aliyeinunua hawezi kuisimamisha kwa neno lake tu. Benki imejifunga kulipa. Nilijaza tamko rasmi la upotevu na kusubiri. Kwa wenzetu wa Marekani sheria imeweka kipimo: dai la aina hiyo huanza kutekelezeka siku 90 baada ya tarehe ya hundi, na kama hundi haijalipwa kabla ya hapo benki inamlipa mdai. Kwingine utakuta benki inadai dhamana ya kufidia tu, bila kipimo cha siku.

Mchangiaji mgeni

Shikamooni. Naomba msaada wa mawazo. Hundi niliyoiweka imepotea benki kama mnavyoeleza, lakini mzee aliyeiandika amefariki juma lililopita. Familia imo msibani na naona haya kuwaendea. Je, nasubiri au fedha zimekwenda?

Mwanzisha mada

Marahaba, na pole sana kwa msiba. Fedha hazijakwenda, kama hazikutoka katika akaunti yake, deni bado lipo. Ila usitegemee hundi ile hata ikionekana kesho. Chini ya sheria ile ya 1882 na zilizoifuata, mamlaka ya benki kulipa hundi ya mteja hukoma inapopata taarifa ya kifo chake. Dai lako sasa linakwenda kwa msimamizi wa mirathi, pamoja na madeni mengine ya marehemu. Waache wamalize msiba, lakini barua ya benki yako iombe leo hii, kwa sababu msimamizi hakuwapo ulipolipwa na atahitaji maandishi kuliko mzee mwenyewe angeyahitaji. Kama ucheleweshaji huu utakupunguzia haki yako katika mirathi, hasara hiyo nayo iandike katika malalamiko yako kwa benki.

Mchangiaji aliyeweka kwa mashine

Niongeze kuhusu mashine za kupokea hundi, maana hapo hakuna karani wa kukumbuka sura yako. Risiti yangu ilichapwa ikiwa na picha ndogo ya hundi, na picha hiyo ilimaliza ubishi wote. Mashine isipochapa picha, iombe benki ikague kumbukumbu za mashine hiyo kwa saa na namba ya muamala vilivyo kwenye risiti, na ifanye hivyo mapema kabla kumbukumbu hazijafutwa. Kwa wanaopiga picha ya hundi kwa simu, karatasi ibaki kwako mpaka fedha zitakapothibitika.

Mchangiaji

Nimesoma yote na nakubaliana na hoja ya kutokubali kubeba gharama. Benki inayokukusanyia hundi inafanya kazi kama wakala wako, na wakala anapaswa kuwa mwangalifu. Sheria ya biashara ya Marekani inakwenda mbali zaidi: benki inayokusanya inatakiwa kumjulisha aliyeipa hundi kuhusu upotevu au ucheleweshaji ndani ya muda wa kuridhisha baada ya kuugundua. Kwa hiyo ukigundua wewe ndiye uliyewajulisha wao, liandike hilo. Mimi niliorodhesha kila kilichoniumiza: malipo yangu yaliyorudi kwa kukosa salio, faini niliyotozwa, na riba iliyokatwa walipoondoa fedha zile. Tawi lilikataa, nikapeleka makao makuu, nikataja kwamba hatua itakayofuata ni mamlaka inayosimamia mabenki. Walirejesha faini na riba.

Halafu, baada ya mambo kwisha, ile hundi ilionekana. Tawi lilinipigia simu kwa furaha likitaka kuiingiza katika akaunti yangu. Niliwaambia wasiiguse, kwa kuwa nilikwisha kulipwa kwa ya pili na sikuwa na haki tena juu ya hiyo. Nilikwenda, ikapigwa mhuri wa kufutwa mbele yangu, nikachukua nakala, na ya asili ikapelekwa kwa mtoaji ambaye aliipokea kwa saini.