Naomba ushauri: ruzuku imekatika, ukaguzi wa hesabu tulipie na nini?

Habari zenu wakuu. Shirika letu hapa Makambako linahudumia WAVIU (watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI) majumbani. Tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025, ruzuku iliyobeba mishahara haijarudi. Pikipiki tumeziegesha, wahudumu wanapata nauli tu. Halmashauri tumebisha hodi, lakini ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ni ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, siyo mashirika.

Kinachotukaba ni mkaguzi. Fedha iliyobaki ni ya mradi, hairuhusu kumlipa, na bila hesabu zilizokaguliwa mfadhili mpya hata barua hasomi.

Aliyewahi kuomba mfadhili abadilishe vifungu vya bajeti ili ukaguzi uingie, aliandikaje? Na mkataba wa muda maalumu ukikatishwa kwa kukosa fedha, mtumishi analipwa nini?