Kaburi la shangazi yangu "halitafunguka"? Yule mhubiri wa misibani leo simwachi!

Mpwa wa Kimanga (mleta mada)
Wakuu, naandika hapa vumbi la makaburi ya Segerea bado liko kwenye viatu na sitaki mtu aniambie nipoe kwanza. Nikipoa nitamsamehe, na leo sitaki kumsamehe.

Yule mhubiri mnamjua, msijifanye hammjui. Msiba wowote kuanzia Tabata hadi Gongo la Mboto, turubai halijakaza kamba vizuri yeye ameshafika na Biblia kwapani. Suti inang'aa mpaka waliokaa mbele wanafumba macho, kiatu kimechongoka unaweza kuchomea mishikaki. Ndiyo huyohuyo.

Leo tumemzika shangazi. Mchungaji wetu kaendesha ibada vizuri kabisa, kwaya imeimba, mavumbi kwa mavumbi, udongo umejazwa, msalaba umesimikwa. Yamebaki mashada tu turudi nyumbani. Bwana huyu akaomba dakika mbili za "neno la faraja". FARAJA! Akapewa maiki. Marehemu akamwita "mama huyu", maana hata jina hakulijua, halafu akasema: "Wema haupeleki mtu mbinguni. Parapanda italia, makaburi yatafunguka kulia na kushoto, lakini kaburi hili halitafunguka."

Kaburi hili halitafunguka! Anasema hivyo huku anaugonga msalaba kwa kidole, msalaba wenyewe rangi haijakauka, mpaka nyeupe ikamganda kidoleni akatoa leso akajipangusa. Watoto wa shangazi wamesimama palepale. Yule mdogo wa kike alikaa chini kwenye udongo na gauni lake jeusi, wala hakulia.

Kosa la shangazi eti alibatizwa mtoto, hakuzamishwa kwenye maji mengi, na hakuwahi kusimama mbele za watu akatamka "nimeokoka". Basi! Mwanamke aliyemuuguza mama mkwe wake kitandani, anamgeuza, anamwogesha, anamnywesha uji kwa kijiko, mawifi wanapiga simu tu kuuliza "mgonjwa anaendeleaje". Huyo ndiye wa kubaki chini.

Haya, tuseme shangazi alikuwa na dhambi kuliko Kimanga nzima. Bado bwana huyu Biblia yake inaanzia ukurasa gani? Yohana 5:28-29 Yesu mwenyewe anasema "watu wote waliomo makaburini wataisikia sauti yake. Nao watatoka", waliofanya mema kwa ufufuo wa uzima, waliotenda mabaya kwa ufufuo wa hukumu. WOTE! Paulo naye mbele ya liwali Feliki, Matendo 24:15, ufufuo wa wafu, "wenye haki na wasio haki pia". Kufufuka ni kwa kila mtu. Kuokoka ndiko kuna hukumu, na hiyo hukumu hakupewa mtu mwenye maiki ya kukodi. Herode atafufuka. Pilato atafufuka. Nero aliyewaua Wakristo kule Roma atatoka kaburini, ajinyooshe, ampite shangazi yangu wa Kimanga bado yuko chini peke yake, dunia nzima imeshaondoka!

Na mnajua baada ya hapo alifanya nini? Alirudi na sisi nyumbani AKALA. Pilau ya mtu ambaye kaburi lake halitafunguka. Akaomba na ya kufungiwa aende nayo.

Kaburi hili halitafunguka, mbele ya watoto! Nisaidieni hasira jamani.

Fundi Bomba
Nimekaa paleee nasubiri wenye aya.

Babu wa Vingunguti
Pole sana kijana. Huyo namjua. Kwa jirani yangu alimfufua marehemu, akamhukumu na kumtia motoni, yote kabla ya chai ya saa nne. Alisema marehemu anaungua "sasa hivi ninavyoongea". Mjane amekaa kwenye mkeka anasikia.

Haki Sawa
Chai hii. Mhubiri gani anaomba pilau ya kufungiwa? Halafu wewe mpwa ulikuwepo, una mdomo, mbona hukumjibu palepale? Umesubiri ufike kwenye bando ndiyo uwe simba.

Mpwa wa Kimanga
Haki Sawa, wewe ungemjibu mtu juu ya kaburi la shangazi yako, wazee wamesimama? Baba mdogo alinishika mkono akaniambia "mwanangu, si hapa". Nimetii. Lakini hapa si kaburini, hapa nasema. KABURI HILI HALITAFUNGUKA, hivi mtu anaitoa wapi kauli hiyo?

Maji Mengi
Mleta mada, pole kwa msiba, Bwana awatie nguvu. Ila ukweli usemwe hata kama unauma. Yohana 3:5, mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho hawezi kuuingia ufalme wa Mungu. Marko 16:16, aaminiye na kubatizwa ataokoka. Imani kwanza, ndipo maji. Mtoto mchanga anaamini nini? Na Waefeso 2:8-9 iko wazi, tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, "wala si kwa matendo". Kumwogesha mama mkwe ni jambo jema, si wokovu. Kuhusu kaburi kufunguka mtumishi aliteleza ulimi, msingi wa neno ni uleule.

Kisomo cha Jioni
Aliteleza ulimi? Alimfuta mtu kwenye ufufuo ukaita kuteleza? Haya nijibu: yule mnyang'anyi msalabani alizamishwa kwenye maji gani? "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi", Luka 23:43. Hana cheti cha ubatizo, hakusoma darasa, fungu la kumi hajui linafananaje.

Maji Mengi
Yule alikuwa anakufa, hakuwa na nafasi. Mtu mwenye nafasi miaka yote Dar, makanisa kila kona, anajitetea na mnyang'anyi?

Kisomo cha Jioni
Kwa hiyo nafasi unaipima wewe. Sawa hakimu.

Katekista Mstaafu
Mpwa, pole. Sisi Wakatoliki tunasali kila Jumapili "nangojea na ufufuko wa wafu", na hatubagui kaburi. Kanisa limetangaza watakatifu wengi kwa majina, lakini halijatangaza jina la mtu hata mmoja kwamba yuko motoni, hata Yuda. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wetu, mwaka 1964 kwenye hati ya Lumen Gentium, ulisema hata asiyeijua Injili bila kosa lake, akimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, anaweza kuokoka. Sembuse mama aliyebatizwa na kupata kipaimara! Marehemu tunamwombea. Hatumsomei hukumu.

Mama Wawili Kinyerezi
Mnanichoma mkiongea kuzikana. Kuna kanisa moja silitaji, liligoma kumzika baba yangu mkubwa kwa sababu hakufunga ndoa na kadi yake ya michango ilikuwa na mapengo. Maiti iko sebuleni, watu wanakagua kadi! Tukatafuta mchungaji wa kuazima. Mleta mada wewe angalau mmezikiwa, ndiyo mtu akaharibu mwishoni.

Babu wa Vingunguti
Mama Wawili umegusa penyewe. Mimi kadi yangu naitunza kuliko kitambulisho cha taifa. Nikifa leo waikute imejaa.

Jumamosi Njema
Wote mnabishana bure, shangazi hayuko mbinguni wala motoni, amelala. Mhubiri 9:5, wafu hawajui neno lo lote. Anasubiri mapambazuko ya ufufuo, 1 Wathesalonike 4:16, waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza. Wala hakumsikia huyo mwenye suti.

Mpwa wa Kimanga
Yeye hakumsikia. Watoto wake wamesikia!! Ndiyo ninachosema tangu mwanzo. Binti yake amekaa chini kwenye udongo!

Dereva wa Bajaji
Nyie Wasabato wa Jumamosi si ndiyo watoto wa wale waliomsubiri Yesu tarehe 22 Oktoba 1844 hakuja? Tulieni kidogo.
Kuna abiria wangu mmoja aliniambia nafasi za mbinguni ni 144,000. Sensa ya 2022 Dar peke yake tulikuwa zaidi ya milioni 5.3. Hata Temeke yenyewe hatuenei. Bora nijue mapema niache kununua suti ya Pasaka.

Mlango kwa Mlango
Dereva, usipotoshe. 144,000 ni wanaokwenda kutawala na Kristo mbinguni. Umati mwingine utaishi milele hapahapa duniani ikiwa paradiso, na wafu wengi sana watafufuliwa, hata wasio waadilifu waliokufa bila kujifunza. Wapo wasiofufuliwa, lakini nani yuko kundi gani anajua Yehova. Sisi Mashahidi wa Yehova hatusimami kaburini kumtaja mtu.

Dereva wa Bajaji
Duniani hapahapa? Na foleni ya Tabata Relini itakuwepo?

Mswahili wa Ilala
Poleni Wakristo. Kwetu mtu akifa asubuhi, alasiri keshazikwa, hakuna nafasi ya mtu kuomba maiki. Japo sitaki kusema uongo, nasi tuna yetu. Juzi makaburini mmoja anasoma talkini, yale maneno ya kumkumbusha maiti imani yake, mwingine anamwambia hiyo bidaa, jambo la kuzua kwenye dini, wakavutana mbele ya wafiwa mpaka mzee wa msikiti akawafukuza wote wawili.

Sauti Kubwa Hapana
Bora nyie mnasumbuliwa siku ya msiba tu. Mimi Mbezi nimepakana na banda la maombi, mkesha kila Ijumaa, spika zimeelekezwa dirishani kwangu. Saa nane usiku mtu anapiga kelele "toka!" mtoto wangu anaamka anadhani anafukuzwa. Serikali ya mtaa nimeenda, mwenyekiti mwenyewe ni mwimbaji humo.

Mama Wawili Kinyerezi
Sauti Kubwa, heri spika. Kwetu wanauza maji na mafuta, na chumvi ya kumwaga mlangoni. Mama yangu kamaliza pensheni.

Haki Sawa
Mafuta nayo bei gani siku hizi? Naulizia rafiki.

Maji Mengi
Msichanganye watumishi wa kweli na wafanyabiashara.

Kisomo cha Jioni
Na huyo wa Segerea yuko kundi gani? Au tumwulize aliyemfungia pilau?

Mpwa wa Kimanga
Jamani naomba turudi kwenye mada. Mimi sijaja kwa ajili ya spika wala mafuta. Mtu amesimama juu ya udongo mbichi wa shangazi yangu, hata jina lake hajui, akasema kaburi hili halitafunguka. Hajaniambia ameitoa kitabu gani, sura gani, mstari gani. Hata huku hakuna aliyeuleta, Maji Mengi amezunguka kote hakuugusa. Atakayeuleta aulete sasa. Keshokutwa tunaanua matanga na nimesikia anakuja tena. Nitamwomba mstari mbele ya wote, na baba mdogo asinishike mkono.

Fundi Bomba
Keshokutwa saa ngapi? Na pilau ipo?

Babu wa Vingunguti
Kijana, kabla hujamwomba mstari, mwambie MC asimpe maiki. Ndiyo dawa yake. Sisi tulimficha maiki akahubiri kwa mdomo, kina mama wakamwanzishia pambio mpaka akakaa.

Sauti Kubwa Hapana
Babu njoo na Mbezi utufichie spika.

Mama Wawili Kinyerezi
Hivi kwenye kuanua matanga mnakodi tena turubai? Sisi mara ya mwisho kiti kimoja shilingi 500, na mwenye viti akatudai vitatu vilivyovunjika ambavyo alivileta vimevunjika.

Dereva wa Bajaji
Vitatu? Sisi alitudai kumi na mbili na sufuria.

Haki Sawa
Mwenye viti huyo wa Kimara? Namjua! Ngoja nimfungulie uzi wake.