Kupima skima ya websaiti: Rich Results Test au Schema Markup Validator?

Nyuki_Sikonge
Wakuu salama? Namtengenezea bimkubwa websaiti, anauza asali hapa Tabora mjini, nimeandika skima ya bidhaa (maelezo ya ndani ya kodi ya ukurasa yanayosomwa na Google) kwa muundo wa JSON-LD, kila chupa na bei yake ili mtu akitafuta Google aone bei palepale hata kabla hajafungua. Sasa Schema Markup Validator inasema makosa 0, linki ileile nikiipeleka Rich Results Test inaniwekea wekundu kwenye bei. Nishike ipi? Toka asubuhi nahangaika nayo.

fundi_mwanga
Zote ziko sawa mkuu ila hazipimi kitu kimoja. Validator ni ya schema.org, wale wenye orodha ya maneno ya skima, inaangalia kama umeandika kwa utaratibu na kama maneno uliyotumia wanayatambua, basi, hata aina ambazo Google haionyeshi popote inakupitishia. Rich Results Test ni ya Google yenyewe, inapima zile aina chache inazozionyesha kwenye matokeo na masharti yake makali. Zamani kulikuwa na Structured Data Testing Tool, 2020 Google wakatangaza wanaitoa, 2021 ndo ikahamia schema.org ikawa hiyo Validator. Hebu tupia kipande cha bei tukione.

Nyuki_Sikonge
"price": "15,000/=", "priceCurrency": "Tsh"

fundi_mwanga
Hapohapo. Andika 15000 tupu, toa koma toa hiyo /=, na sarafu iwe TZS. Schema.org wanaruhusu bei iwe maandishi ndo maana Validator ikanyamaza, Google anataka namba.

DadaUjiji
Mi huku Kigoma nauza mawese na dagaa mtandaoni, nategemea zaidi Search Console, huduma ya Google ya kufuatilia websaiti yako. Hizo mbili unapima ukurasa mmoja mmoja, leo kijani, kesho plagini (programu ndogo ya nyongeza kwenye websaiti) inajisasisha inaharibu na wewe huna habari mpaka mwezi uishe. Search Console inapitia websaiti nzima, ikikuta tatizo jipya inakutumia imeili.

fundi_mwanga
Kweli dada, ila kwa websaiti mpya kama yake ripoti inaweza kukaa tupu siku nyingi, na ukirekebisha kosa unasubiri Google arudi kupita. Kwa sasa apime kwa Rich Results kwanza.

Nyuki_Sikonge
Imekuwa kijani!! Asanteni sana jamani. Zimebaki onyo mbili za njano, review (maoni ya mteja) na aggregateRating (wastani wa nyota), niweke nyota 5 zitoke?

DadaUjiji
Usithubutu mdogo wangu. Onyo sio kosa, na nyota za kutunga ambazo hazipo kwenye ukurasa zinaweza kukuletea adhabu ya Google, ukakosa hata hiyo bei. Na kijani sio ahadi kwamba itaonekana, inamaanisha umestahili tu, kuonyesha anaamua Google. Mi skima ya maswali na majibu (FAQ) niliihangaikia weee, Agosti 2023 Google wakabakiza kuionyesha kwa websaiti za serikali na afya zinazoaminika tu.

Nyuki_Sikonge
Nimekuelewa dada, naziacha. Wateja wakianza kuandika maoni yao wenyewe ndo nitaongeza. Ngoja nisafishe bei za chupa zilizobaki, zote nimeziandika na koma.